Maji Yamekwenda Wapi? Kutafuta Kasoro za Matundu Makubwa ya Udongo katika Mashamba ya Nairobi

Umemwagilia tuta la sukuma wiki jioni, mitungi kadhaa ya lita 20, na asubuhi majani yamelegea. Ukifukua kwa kidole, udongo ni mkavu kuanzia inchi mbili kwenda chini. Jua halikuyanyonya, maana ilikuwa usiku. Hayakutiririka juu, maana hukuona mkondo. Maji hayo yalishuka, na yalishuka kwa njia ambayo haikupita kwenye mizizi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye shamba dogo ndani au pembezoni mwa Nairobi: ploti ya Ruai au Njiru kwenye udongo mweusi, robo ekari ya Dagoretti au Kabete kwenye udongo mwekundu, au magunia ya mboga nyuma ya nyumba. Dalili nimezipanga jinsi wakulima wanavyozieleza. Chini ya nyingi kati yake kuna chanzo kimoja, nacho ni kasi ya maji kufika juu ya ardhi ikilinganishwa na kasi ya udongo kuyanywa. Ukilishika hilo, hutakimbilia kulaumu mbegu wala mwenye duka la pembejeo.

Maji huchaguaje njia?

Ndani ya kila bonge la udongo kuna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Hivi hunyonya maji na kuyashika. Kati ya bonge na bonge kuna matundu makubwa: nyufa, mashimo ya nyungunyungu, vijia vya mchwa, na mirija inayoachwa na mizizi iliyooza. Kujua tundu linaweza kushika maji kiasi gani, gawanya 30 kwa upana wake katika milimita. Tundu la milimita 0.03 linaning'iniza maji ya kimo cha milimita 1,000, yaani mita nzima. Shimo la nyungunyungu lenye upana wa milimita 3 halipiti milimita 10.

Kwa sababu hiyo manyunyu hayaingii shimoni hata kama mdomo uko wazi. Vinyweleo vya pembeni huyavuta maji kwanza. Shimo huanza kazi pale tu udongo wa mdomoni umeshiba, au maji yanapomiminika haraka hadi dimbwi dogo likasimama juu. Likishaanza, hupitisha kwa wingi ajabu: mrija ukiwa na upana maradufu hupitisha maji mara 16, na ufa ukiwa na upana maradufu hupitisha mara 8. Ndivyo matundu machache, ambayo ukiyajumlisha ni sehemu ndogo sana ya udongo wote, yanavyobeba sehemu kubwa ya maji ya mvua kali. Ni kama ile Expressway iliyopita juu ya Mombasa Road: aliyepandia Mlolongo anashukia Westlands, na wa chini wanasikia mvumo tu.

Wala hili si jambo jipya. Mwaka 1882 Lawes, Gilbert na Warington, waliokuwa wakipima maji yanayochuruzika chini ya udongo huko Rothamsted, Uingereza, walieleza kwamba maji hayo ni ya aina mbili. Kuna maji ya mvua yaliyoshuka kwenye mifereji iliyo wazi bila kubadilika sana, na kuna maji yaliyotoka polepole kwenye vinyweleo vya udongo ulioshiba. Miaka 100 baadaye, mwaka 1982, Keith Beven na Peter Germann waliandika makala iliyowarudisha watafiti kwenye suala hilo. Katikati hapo, hesabu nyingi za umwagiliaji ziliendelea kudhani kwamba maji hushuka safu kwa safu, kwa usawa. Shambani hayafanyi hivyo, na mkulima anayemwagilia kwa kufuata dhana hiyo anapoteza maji aliyoyalipia.

Kipimo cha kwanza: mwaga rangi, kisha chimba

Usianze kutibu kabla ya kuona. Kipimo hiki kinagharimu rangi ya chakula na jasho la nusu saa, na mimi nakiamini kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Chagua eneo la mita 1 kwa nusu mita, mahali penye tatizo. Ondoa majani na takataka bila kukwangua udongo. Koroga rangi ya buluu ya chakula kwenye lita 20 za maji hadi yaive buluu kabisa, kisha mwagilia kwa kopo lenye vitundu, sawasawa, eneo lote. Lita 1 kwenye mita mraba 1 ni sawa na milimita 1 ya mvua, kwa hiyo lita 20 kwenye nusu mita mraba ni milimita 40, mvua nzito ya Aprili. Funika kwa gunia na uache hadi kesho yake. Kisha chimba shimo la kina cha nusu mita kando ya eneo hilo, uanze kukata ukuta wa udongo kwa panga, wima, kila sentimita 10 ukisogea ndani. Usipige ukuta lipu kwa ubapa wa panga. Chokoa kwa ncha ya kisu ili matundu yaonekane.

Kwenye udongo mwekundu wa Kabete picha hutokea wazi mno. Sentimita chache za juu huwa za buluu tupu. Chini ya hapo buluu hukatika, zikabaki nukta na mistari. Ukifuata mstari mmoja kwa ncha ya kisu utakuta ni mrija wa nyungunyungu: ukuta wake laini, una utando mweusi wa kinyesi chake, na nje ya utando huo pete nyembamba ya buluu isiyozidi milimita chache. Nje ya pete, udongo uko vilevile kama ulivyokuwa jana. Maji yalipita hapo na jirani hakuambulia kitu.

Kwenye udongo mweusi buluu haionekani vizuri. Tumia chokaa iliyokorogwa kwenye maji hadi yawe kama maziwa. Chembe za chokaa haziwezi kupenya vinyweleo vidogo, kwa hiyo popote utakapoona weupe chini ujue ni tundu kubwa lililofunguka hadi juu.

Soma picha hivi. Buluu ikishuka kama zulia na kuishia kwenye mstari ulionyooka, udongo wako unakunywa vizuri na kasoro iko kwingine. Nukta na mistari myembamba ni wadudu au mizizi. Karatasi za rangi zilizosimama wima ni nyufa. Buluu ikishuka sentimita 15 au 20 halafu ikatanda kwa upande, una tabaka gumu. Na ikishuka kama vidole huku udongo wa katikati ukiwa mkavu unga kabisa, hata juu, udongo wako unakataa maji. Hilo lina sehemu yake huko chini.

Dalili: ufa ulimeza mtungi mzima, na wiki mbili baadaye hapo hapo pamesimama maji

Hii ni ya udongo mweusi, ule ambao Nairobi nzima inauita black cotton: Embakasi, Utawala, Ruai, Njiru, hadi tambarare za Athi. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo wakulima wanapopoteza pesa nyingi zaidi, hasa wanaonunua maji ya bauza.

Mfinyanzi wa udongo huu hunywea ukikauka na kuvimba ukilowa. Mwezi Februari nyufa zake huwa pana kuliko sentimita 1 na kina chake hupita nusu mita. Fimbo huingia bila kugusa kitu. Ukimwaga maji kwa mpira, yanakimbilia ufani, yanashuka chini ya mizizi ya mboga na kulowesha udongo kuanzia chini kwenda juu. Bonge la juu, lile lenye mizizi ya mchicha, linabaki kavu katikati. Kisha mfinyanzi unavimba. Nyufa zinajifunga, vinyweleo vilivyobaki ni vidogo mno, na udongo ule ule uliomeza mtungi mzima sasa unakunywa milimita chache tu kwa saa, au chini ya hapo. Mvua inayofuata inasimama juu kama ziwa.

Mkulima huona matatizo mawili, akanunua dawa mbili. Kwa kweli ni udongo mmoja katika hali mbili, na unachotakiwa kujua ni uko katika hali ipi siku unayotaka kumwagilia.

Hakikisha kwanza. Chimba hadi sentimita 50. Kwenye ukuta wa shimo tafuta nyuso zinazong'aa kama zimepigwa msasa, zilizolala mshazari. Ni alama ya mabonge yaliyosuguana wakati wa kuvimba. Tafuta pia vipande vya majani makavu na udongo wa juu vilivyodondoka hadi chini. Ukivikuta, nyufa zako hufunguka kila msimu hadi kina hicho.

Tiba inategemea unataka nini. Kama unangoja mvua za masika za Machi na utapanda mahindi au maharagwe, ziache nyufa wazi. Ndizo mlango pekee wa maji kufika chini kabla udongo haujavimba, na akiba hiyo ya chini ndiyo itakayobeba mahindi mvua ikikatika Mei. Watu hulima mapema wakaziba kila kitu halafu mvua ya kwanza ikatiririka hadi barabarani. Mimi naona huko ni kutupa maji ya bure.

Lakini kama unamwagilia mboga kwa maji ya kununua, vunja midomo ya nyufa kwanza. Palilia sentimita 5 za juu hadi udongo uwe chengachenga na uzibe vinywa, kisha mwagilia kidogo kidogo. Tandaza nyasi kavu nene mara moja, maana dawa bora ya ufa ni kutoacha udongo ukauke kiasi cha kupasuka. Usijaze nyufa kwa mchanga. Mchanga hauvimbi, unaacha njia wazi ndani ya mfinyanzi, na udongo ukivimba hauna pa kwenda ila kuinuka.

Kama una mabomba ya matone, tembea na mstari mzima ukikagua kila tone linaangukia wapi. Tone lililo juu ya ufa linalisha ufa. Sogeza bomba kiganja kimoja tu pembeni na utaona tofauti ndani ya siku chache.

Kwa maji yanayosimama: inua matuta, sentimita 20 hadi 30, na uweke mfereji kati yake wenye mteremko wa kutoa maji. Usiingie na jembe udongo ukiwa mbichi. Kila hatua kwenye mfinyanzi uliolowa inabana matundu yaliyobaki. Ukishindwa kabisa, fanya kipimo hiki: chukua punje kavu ya udongo, ukubwa wa njegere, itumbukize kwenye glasi ya maji ya mvua yaliyotulia, usikoroge. Baada ya saa chache, wingu la tope likitanda kuizunguka, kuna uwezekano mkubwa udongo wako una chumvi ya sodiamu inayoufumua, na huo huitikia jasi. Punje ikimeng'enyuka tu bila wingu, jasi haitakusaidia. Kabla ya kununua magunia ya jasi peleka sampuli kwenye maabara ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete.

Dalili: umeweka mbolea ya kukuzia, mboga bado ni za njano

Kwanza tazama ni majani gani. Majani ya chini, ya zamani, yakianza kugeuka njano huku machanga yakiwa na afadhali, nitrojeni imepungua. Majani machanga yakiwa ndiyo ya njano, tafuta kwingine, pengine salfa au chuma. Na kama udongo una harufu ya yai viza na madoa ya kijivu, tatizo ni maji yaliyosimama, rudi sehemu iliyopita.

Tuseme ni nitrojeni, na juzi uliweka CAN, mbolea ya kukuzia yenye nitrojeni. Uliza mvua ilinyeshaje baada ya kuweka. Nusu ya nitrojeni ya CAN iko katika umbo la nitrati, ambayo haishikwi na udongo bali husafiri na maji. Ukiimwaga juu ya ardhi na saa mbili baadaye ikanyesha mvua ya kuvunja paa, maji ya dimbwini huyeyusha punje na kuteremka nazo kwenye matundu makubwa, moja kwa moja hadi chini ya mizizi. Wino wa buluu uliouona ukutani mwa shimo ndio mbolea yako.

Sasa sikiliza upande wa pili, kwa maana wengi hawaujui. Mbolea hiyo hiyo ikiwa imeshapenya ndani ya mabonge, mvua kali ikija hupita pembeni yake kwenye matundu na kuiacha. Matundu yale yale yanayopora mbolea ya juu huilinda iliyo ndani. Kazi yako ni kuingiza mbolea ndani ya mabonge kabla dhoruba haijafika.

Namna ya kufanya: weka mbolea kwenye udongo wenye unyevu kidogo, ifukie, halafu nyunyiza maji mepesi, lita 5 hadi 10 kwa mita mraba, kwa kopo lenye vitundu vidogo na bila kuharakisha, pasitokee dimbwi. Ipe siku moja au mbili. Gawa kiasi chote mara mbili au tatu badala ya kumwaga mara moja. Ukiona mawingu yamejikusanya upande wa Ngong mchana, ahirisha.

Yanayohusu mbolea yanahusu pia dawa za magugu na wadudu. Mvua kubwa ya kwanza baada ya kupuliza ndiyo huteremsha dawa nyingi zaidi, hata zile ambazo kwa kawaida hung'ang'ania udongo, kwa kuwa hubebwa zikiwa zimeshikamana na chembe za tope.

Dalili: gunia au ndoo inavuja chini mara tu unapomwaga maji

Maji kutoka chini si ushahidi kwamba udongo umelowa. Chomeka kijiti kikavu hadi katikati, subiri dakika chache, kichomoe. Kikitoka kikavu, maji yamepita kando.

Kwenye ndoo na vyungu sababu ni karibu kila mara ile ile: udongo umekauka, umenywea, na umeachana na ukuta. Pengo la milimita 2 kuzunguka ndoo yote ni tundu kubwa kuliko yote uliyonayo. Kumwaga zaidi hakusaidii. Tumbukiza ndoo yenye matobo kwenye beseni la maji, yapande kutokea chini hadi povu likome, kisha itoe ichuruzike. Ukishamaliza, bana udongo kwa vidole pembeni.

Gunia la mboga lina jambo lake. Ule mnara wa mawe katikati ni tundu kubwa tulilolijenga kwa makusudi, ili maji yafike kwenye mashina ya chini kabisa. Linaharibika kwa njia tatu: mawe ni makubwa mno, mnara umegusa sakafu ya gunia, au mtu anamwaga mtungi kwa pupa. Unapojenga upya, weka kwanza udongo na mboji sentimita 15 chini, ndipo uanze mnara. Tumia kokoto ndogo badala ya mawe ya ngumi. Chukua mkebe usio na kitako, ujaze kokoto, zungushia udongo, vuta mkebe juu, jaza tena, hadi ufike mdomoni. Maji yamwagwe kwa kikombe, yaachwe yazame, yarudiwe. Yanayotoka chini yakiwa ya rangi ya chai, hiyo ni samadi inatoroka: weka beseni, yakinge, yarudishe juu.

Dalili: maji yanakaa juu kama shanga, udongo hautaki kulowa

Hutokea kwenye mboji iliyokauka kabisa, nyuzi za nazi za kwenye vivungulio, majivu ya mahali palipochomwa moto, na chini ya mikaratusi. Chembe zimevaa utando wa nta. Maji yakipata mahali padogo pa kupenya, yote hukimbilia hapo, ndiyo vile vidole vya buluu. Lowesha kwa manyunyu madogo, subiri, rudia. Na usiache vikauke hivyo tena.

Dalili: udongo mwekundu, maji yanatiririka juu ingawa chini ni pakavu

Hapa kasoro ni kinyume: matundu makubwa yamekosekana au yamekatwa. Udongo mwekundu wa magharibi mwa Nairobi, kwa asili, ni wa kina kirefu na unapitisha maji vizuri sana. Ukiuona unatiririsha, binadamu ana mkono wake.

Pima kwa mkebe wa gorogoro. Kata kitako, upigilie ardhini sentimita 5 ukiweka ubao juu ili usipinde. Kwa mkebe wenye upana wa sentimita 15, nusu lita ni sawa na takriban milimita 28 za mvua. Mwaga juu ya jani ili usichimbe udongo, angalia saa. Rudia mara tatu mahali pale pale, kwa maana mara ya kwanza udongo mkavu hudanganya. Kisha ondoa sentimita 5 za juu pembeni na upime tena. Kasi ikipanda ghafla, ulikuwa na gamba la juu lililofanywa na matone ya mvua kwenye udongo ulio uchi, matandazo yatatosha. Isipopanda, shuka sentimita 20.

Huko mara nyingi utakuta tabaka gumu linalotokana na kulima kina kile kile kwa jembe mwaka baada ya mwaka. Chomeka spoku ya baiskeli udongo ukiwa na unyevu: inaingia kwa ulaini, inagoma, halafu ukiilazimisha inaingia tena. Ng'oa shina la mahindi lililozeeka. Mizizi iliyopinda na kulala kwa upande imegonga tabaka hilo hilo. Mashimo ya nyungunyungu yapo juu na yapo chini, lakini hayaunganiki, na tundu lisilounganika halipitishi kitu.

Livunje kwa jembe la meno mara moja, udongo ukiwa na unyevu wa wastani, bila kugeuza. Kisha usirudie kulima kwa kina kile. Panda mbaazi pembezoni au kama zao la msimu. Mzizi wake hushuka ndani na ukioza huacha mrija. Tandaza mabua na majani, nyungunyungu na mchwa watakuja wenyewe. Najua wengi huwapulizia mchwa dawa wakiwaona. Kama hawali mimea hai, waache. Kwenye udongo huu ndio wachimbaji wako wa bure.

Jambo moja la haraka kabla sijaondoka hapa: mfereji ukikauka ghafla katikati na kuna vilima vya udongo mbichi karibu, ni fuko. Fukua handaki lake, lishindilie udongo wenye unyevu, na usogeze mfereji.

Dalili: kipima unyevu cha chini kinalowa kabla ya cha juu

Wenye vivungulio hudhani kifaa kimeharibika. Kihamishe mita moja kwanza. Kikiendelea vilevile, kiko sahihi: maji yanapita matunduni na kuruka udongo wa juu. Punguza kasi, si kiasi. Badala ya saa moja mfululizo, fungua dakika 15, funga nusu saa, fungua tena. Lakini kama ni pale pa kwanza tu panapofanya hivyo, kagua shimo ulilochimbia kifaa. Udongo usiposhindiliwa vizuri kuzunguka waya, waya wenyewe unakuwa mrija.

Dalili: kisima kinachafuka saa chache baada ya mvua

Hii ndiyo ninayokuomba usiichelewe hata siku moja. Udongo huchuja vijidudu kwa sababu maji hupita polepole kwenye vinyweleo vidogo. Kwenye tundu kubwa hakuna kuchujwa. Samadi mbichi, maji ya zizi au ya choo cha shimo yakipata ufa uliofunguka, hufika kwenye maji ya chini na vijidudu vyake vikiwa hai, na umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima unaotajwa mara nyingi hautoi ulinzi ule ule mahali penye nyufa.

Pima kwa saa na kwa macho. Jaza chupa safi ya kioo kabla ya mvua, nyingine saa mbili baada yake, nyingine kesho yake. Ya pili ikiwa na tope na ya tatu ikaanza kutulia, kuna njia ya mkato. Kisha tafuta iko wapi. Anza na kisima chenyewe: mwaga maji yenye chokaa kuzunguka ukingo kwa nje huku mwenzako akimulika ndani kwa tochi. Ukiona weupe unachuruzika ukutani, tundu liko nyuma ya kuta za kisima, na hilo linazibika: fukua kuzunguka, shindilia mfinyanzi wenye unyevu kwa matabaka, jenga sakafu ya saruji yenye mteremko wa kutoa maji nje. Usipoona weupe, njia iko mbali zaidi, kwenye nyufa za udongo au za mwamba wa chini, na hutaiziba kwa koleo.

Hapo acha kunywa maji hayo bila kuyachemsha hadi yatokote au kuyatia klorini baada ya kuyachuja. Peleka sampuli ipimwe vijidudu, siku ya mvua na si ya kiangazi. Samadi iliyo upande wa juu wa kisima ihamishwe leo, ifunikwe. Na kama shimo la choo limechimbwa hadi karibu na maji, pungufu ya mita 1.5 juu yake, lifungwe, na lijalo lijengwe upande wa chini wa mteremko, lisiwe refu.